Picha Niliyoikata Haikukatika

Wengi wenu mlikuwepo kwenye Usiku wa Kiswahili muhula uliopita, mkaiona slaidi yangu ya mikono ya bi harusi: hina nyekundu, piko nyeusi juu yake, maua yamepanda hadi kiwikoni. Mliipigia makofi. Msichojua ni kwamba picha ile nilitumiwa na shangazi yangu wa Mombasa, nayo ilipigwa kwenye shughuli ya wanawake peke yao. Nyuma ya bi harusi walikaa wanawake watatu bila mitandio. Shangazi alinipa sharti moja: mikono ionekane, nyuso hapana.

Nikatii, au nilidhani nimetii. Katika PowerPoint nilivuta kingo za picha kwa ndani mpaka ikabaki mikono tu. Ukutani ilionekana safi kabisa. Kesho yake mkaomba slaidi, nami nikalituma faili zima kwenye kundi letu la WhatsApp.

Jioni mwenzetu mmoja akanipigia simu. Alitaka kuiazima picha ile kwa insha yake. Alipoivuta ukingo ili aipanue, nyuso zikatokea.

"Dada, picha yako ina watu wengi kuliko uliotuonyesha."

Miguu iliniisha nguvu.

Kumbe programu hizi hazikati picha kwa mkasi. Zinaikunja tu, kama leso iliyokunjwa ikaonyesha pindo, na kitambaa chote kimo. Zimeundwa hivyo makusudi ili ukibadili mawazo uirudishe picha ilivyokuwa. Word hufanya hivyo, na Google Slides pia. Ukitaka kuhakikisha, chukua nakala ya faili la PowerPoint, badili herufi za mwisho wa jina, pptx, ziwe zip, kisha ulifungue. Ndani kuna folda iitwayo ppt, na ndani yake nyingine iitwayo media. Mle nilizikuta picha zangu zote, pamoja na wale wanawake watatu wakicheka.

Kufunika uso au namba ya pasipoti kwa kisanduku cheusi ni yale yale. Anayelipata faili hukisogeza kando, basi.

Dawa ipo. Bofya picha, nenda kwenye menyu ya picha, tafuta amri ya kubana picha, kisha weka alama kwenye kisanduku cha kufuta sehemu zilizokatwa. Kuna kisanduku kingine kinachosema kazi ifanyike kwa picha hii tu. Kiondolee alama ukitaka picha zote zishughulikiwe. Hifadhi faili, kisha jaribu mwenyewe kuivuta picha kabla hujamtumia mtu. Amri hiyo hiyo hupunguza uzito wa faili: picha ya simu huwa na pikseli kama 4000 kwa 3000, ilhali projekta nyingi za madarasani hazizidi 1920 kwa 1080. Pikseli 150 kwa inchi zinatosha ukutani. Kwa insha ya kuchapisha weka 220.

Mimi lakini nimekuwa mwoga. Picha yenye watu sasa naipunguza kwanza nje ya slaidi, naipiga picha ya skrini, na hiyo ya skrini ndiyo naiingiza.

Nilimpigia shangazi usiku ule ule. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza, "Umeifuta?" Nikamwambia nimeshaifuta kundini. Akanyamaza kidogo. "Na waliokwisha kuichukua, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, ndiyo maana nawaandikia. Kama bado unalo faili la usiku ule, kwenye simu au kompyuta, tafadhali lifute, na kama ulimpelekea mtu, mwombe naye alifute. Slaidi mpya, zenye mikono peke yake, nimemwachia katibu wa klabu.