Sumu ya Shambani na Mbu wa Chumbani

Maji yatokayo katika msitu wa Kilimanjaro hupita kwanza kwenye mifereji ya vihambani, kati ya migomba na mibuni, kisha huteremka hadi tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi. Huko mito ya Njoro na Rau hulisha Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Katika vijiji kama Mabogini, Chekereni na Oria, ardhi iliyokuwa kavu imegeuka majaruba ya mpunga.

Jaruba lililojaa maji yaliyotulia, ambalo mpunga wake bado haujatanda kivuli, ni mazalio mazuri ya mbu aitwaye Anopheles arabiensis, mmoja wa waenezaji wa malaria. Hata hivyo, watafiti waliolinganisha vijiji vya eneo hilo waliona jambo la ajabu: wakazi wa kijiji cha mpunga, ingawa walikuwa na mbu wengi zaidi, waliugua malaria kwa kiasi kidogo kuliko majirani zao wa nyikani. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba mapato ya mpunga yaliwawezesha kununua vyandarua na kupata matibabu. Basi kinga ya vijiji hivyo imetegemea sana chandarua chenye dawa. Je, dawa hiyo ikishindwa kumwua mbu, itakuwaje?

Funzo la miaka ya 1950

Swali hilo si geni katika sehemu hizi. Kati ya mwaka 1955 na 1959, nyumba za nchi ya chini ya Upare, pamoja na za Taveta upande wa Kenya, zilinyunyiziwa dieldrini katika Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta. Mbu walipungua sana, na malaria pia. Unyunyiziaji ulipokwisha, mbu walirudi hatua kwa hatua.

Dieldrini yenyewe ilionekana kuwa na kasoro mbili kubwa. Kwanza, ni sumu kali kwa binadamu: katika nchi kadhaa wanyunyiziaji walipatwa na degedege. Pili, katikati ya miaka hiyo hiyo mbu wasiodhurika nayo waligunduliwa kaskazini mwa Nigeria. Zaidi ya hayo, dieldrini na DDT hazivunjiki upesi. Hukaa udongoni kwa miaka, huingia katika mafuta ya mwili wa samaki, kisha katika mwili wa ndege au mtu amlaye samaki huyo, na kila hatua kiasi chake huongezeka. Mkataba wa Stockholm, uliotiwa saini mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, umeipiga dieldrini marufuku. DDT imeruhusiwa kwa kazi moja tu, yaani kupambana na wadudu waenezao magonjwa.

Usugu huzaliwaje?

Watu wengi hudhani kwamba mbu huizoea sumu kama mlevi azoeavyo pombe. Sivyo. Chukua mfano wa mbu 1,000, ambao 10 kati yao wamezaliwa na uwezo wa kuivunja sumu mwilini. Sumu ikiwaua wale 990, wazazi wa kizazi kijacho watakuwa hao 10 peke yao, nao watarithisha uwezo huo. Sumu haikuwafundisha mbu kitu. Imewachagua walio sugu na kuwaondolea washindani.

Ili kupima usugu, wataalamu huwaweka mbu kwa saa moja ndani ya mirija yenye karatasi iliyopakwa dawa, kisha huhesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa pungufu ya 90 katika kila 100, usugu umethibitika. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa kwamba mbu wa Lower Moshi wamekuwa na usugu dhidi ya permethrini, dawa ya jamii ya pirethroidi. Vimeng'enya vya mwili wao viliivunja dawa hiyo kabla haijashambulia neva.

Pirethroidi ndizo zilizotiwa katika vyandarua kwa miaka mingi. Lakini dawa za jamii hiyo hiyo hunyunyiziwa pia kwenye mpunga na mboga ili kuua wadudu waharibifu. Kiluwiluwi aishiye jarubani hukutana nayo kwa kiasi kidogo, kisichotosha kuwaua wote. Atakayeokoka ataota mabawa, ataruka hadi chumbani, na kukuta kwenye chandarua dawa ya jamii ile ile iliyoshindwa kumwua shambani. Vyandarua vyenyewe pia huchangia uchaguzi huo. Hivyo bwana shamba na bwana afya, ingawa ofisi zao ni mbalimbali, wanatumia akiba moja. Mmoja akiifuja, mwingine ataikosa.

Kuitunza akiba

Dawa mpya zimekwisha kupatikana. Majaribio yaliyofanywa Muleba, na baadaye Misungwi, yalionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya kuzuia vimeng'enya vya mbu, au dawa ya jamii nyingine, hukinga vizuri zaidi. Lakini dawa hizo nazo zitakwisha nguvu zikitumiwa ovyo.

Kwa hiyo mkulima anyunyizie pale tu wadudu waharibifu wanapoonekana kwa wingi, kwa kipimo kilichoandikwa, na atumie dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bomba lisioshewe mferejini, wala kopo tupu lisitumiwe kuchotea maji ya kunywa. Chandarua kifuliwe katika beseni, maji yake yamwagwe chooni, na kianikwe kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Pirethroidi huua samaki hata zikiwa kidogo sana, na maji ya majaruba huelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovuliwa perege.

Ziko pia njia zisizotegemea sumu hizo. Kiluwiluwi huhitaji maji kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Jaruba likikaushwa kwa zamu, wengi hufa kabla ya kuota mabawa. Kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, hutengeneza dawa ya bakteria ambayo huua viluwiluwi wa mbu bila kudhuru samaki.

Kazi kwa wanafunzi

Chukueni upawa wenye mpini mrefu na beseni jeupe. Mkiwa juu ya tuta, bila kuingia majini kwa sababu ya kichocho, chota mara 10 katika jaruba lisilonyunyiziwa, na mara 10 katika lile lililonyunyiziwa wiki kadhaa zilizopita. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex huning'inia kichwa chini. Wahesabuni, kisha wahesabuni adui zao, kama vile watoto wa kereng'ende. Andikeni tarakimu hizo katika jedwali, halafu mjadiliane: katika kila jaruba, ni nani aliyebaki baada ya sumu, mbu au adui yake?