Samaki 153 na watu wapata 5,000: namna ya kuandika hesabu tunazotumiana



Yoane 21 inataja samaki 153. Matayo 14 inataja wanaume wapata 5,000 waliokula mikate, tena inaeleza kwamba wanawake na watoto hawakuingizwa humo. Namba ya kwanza ni hesabu, ya pili ni makadirio. Zote ni za kweli, kwa kuwa kila moja inajulisha ni ya aina gani.

Leo parokia nyingi zinajaza orodha moja ya pamoja kwenye kompyuta, na hapo tofauti hiyo hupotea. Mzee wa kanisa anasema "kama familia 300 za wahami". Mwandishi anaandika 300. Parokia jirani imepita nyumba kwa nyumba, ikapata 147. Kompyuta inajumlisha 447, na mgawa chakula anadhani kila familia ilihesabiwa.

Goma inalijua jambo hili. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia hapa, kisha kipindupindu na kuhara damu vikawashambulia. Kuanzia tarehe 14 mwezi huo hadi tarehe 14 mwezi wa 8, maiti zilizokusanywa zilihesabiwa: 48,347. Lakini wakimbizi wenyewe walikadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000. Wataalamu walipotafuta ni wangapi waliokufa kila siku katika kila watu 10,000, hawakutoa jibu moja. Kama wakimbizi walikuwa 500,000, jibu ni karibu 31. Kama walikuwa 800,000, ni karibu 20. Hesabu nzuri ya maiti haikuweza kuondoa mashaka ya idadi ya walio hai. Basi wakaandika majibu yote mawili.

Nasi tufanye hivi:

- Tuweke safu ya "aina": hesabu au makadirio.
- Makadirio yaandikwe kwa namba mbili, ya chini na ya juu. Kama zile "300" ni kati ya 250 na 350, jumla yetu ni karibu 400 hadi 500.
- Tuandike tarehe, aliyehesabu, na wale ambao hawakuhesabiwa.
- Sifuri maana yake tulifika, hatukukuta mtu. Kama hatujafika, tuache nafasi wazi. Kijiji ambacho njia yake imefungwa kikiandikwa 0, hakuna atakayekipelekea kitu.
- Tusifute namba ya mwenzetu. Tuongeze mstari mpya wenye tarehe yake.

Wengine wanaogopa kwamba mfadhili akiona namba mbili atasema hatujui kazi. Lakini anayesoma 447 ataleta mafungu 447, na familia ya 448 itarudi na sufuria tupu. Anayesoma "400 hadi 500" atajua kwamba inafaa kuweka akiba. Kukiri mpaka wa tunachojua ni sehemu ya kusema kweli, na mara nyingi ndiko kunakomfikishia mwenye njaa chakula.

Bwana awabariki.