Mifuko Miwili ya Mtu Anayepunguza Mwili

Ukishuka kwenye teksi ya kutoka Jinja mjini saa kumi na mbili jioni, Bugembe inakupokea kwa harufu ya chapati. Majiko ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kuu, trei za mayai zimepandana kama ghorofa, na kijana anauliza bila kuinua macho: "Mawili au matatu, bosi?" Anauliza mayai ya rolexi, ile chapati inayokunjiwa mayai ya kukaanga. Mimi, niliyeambiwa kliniki nipunguze mwili, nilikuwa najibu "matatu" kwa dhamiri safi kabisa. Si niliambiwa niongeze protini? Na yai si protini?

Hesabu nilikuja kuipiga baadaye. Mayai matatu yana gramu 18 hivi za protini, chapati yenyewe inaongeza kama 7. Gramu 25 si haba. Lakini ukijumlisha unga, mafuta yaliyokandiwa chapati na mafuta ya kukaangia mayai, umekaribia kalori 600. Kwa mtu aliyejiwekea kalori 1,800 kwa siku, theluthi moja imeishia pale pale barabarani, kabla hajafika nyumbani kwenye posho na maharage.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayepunguza mwili ana mifuko miwili. Mmoja ni wa shilingi, na huo kila mtu anaujua. Wa pili ni wa kalori, nao unatoboka kimyakimya. Chakula cha bei rahisi kwenye mfuko mmoja kinaweza kuwa ghali mno kwenye mwingine, na wauza poda za protini wanaishi kwa kutumia pengo hilo.

Tuanze na kiasi kinachotakiwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na FAO waliweka kiwango cha gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye kilo 80 anahitaji kama gramu 66. Anayepunguza chakula hushauriwa apandishe hadi gramu 1.2, hata 1.6 kwa kilo, kwa sababu mwili ukinyimwa kalori hauchomi mafuta peke yake, hula na misuli. Tena protini inashibisha kuliko wanga. (Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hizi, aende kwa daktari wake.) Kwa hiyo mtu wa kilo 80 alenge gramu 100. Milo yetu ya kawaida, ikiwa na maharage mchana na kipande cha samaki usiku, inaweza kukupa 60. Zinabaki 40, na hizo ndizo zinazotafutwa kwenye vitafunio na sheki.

Basi nimezifanya gramu 40 kuwa kipimo changu. Bei ninazotaja, kwa shilingi za Uganda, ni za kukadiria, nimezisawazisha ziwe rahisi kuhesabu. Bugembe, soko kuu la Jinja na Mbale hazilingani, na msimu nao una lake. Weka bei ya sokoni kwako, njia ni ile ile.

Poda kwanza, maana ndiyo inayotangazwa. Ile inayoitwa whey hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Kijiko chake cha gramu 30 hutoa protini kama 24 kwa kalori 120 tu, na kwenye mfuko wa kalori hakuna cha kuilaumu. Shida iko kwenye mfuko wa kwanza. Kopo la kilo mbili na kitu, likiuzwa shilingi 450,000, lina vijiko 70 na ushee, kwa hiyo kila kijiko ni kama 6,000, na gramu zako 40 ni 10,000 kila siku iendayo kwa Mungu. Kinachonichekesha ni safari ya kopo hilo. Likiwa limeshukia Mombasa na kuja kwa lori, limepita hapa hapa Bugembe kwenye barabara ya Malaba, likaenda Kampala, likanunuliwa huko, halafu likarudishwa Jinja na nauli juu.

Kuna mtego mbaya kuliko bei. Rafu zile zile huwa na makopo makubwa zaidi, ya bei nafuu zaidi, yenye picha ya mwanamume mwenye kifua kama ukuta. Nyingi kati ya hizo ni poda za kunenepesha. Geuza kopo, usome nyuma: ukikuta wanga ni mara tatu au nne ya protini, umeshika unga wa uji wenye sukari, umetengenezwa kwa mtu aliyekonda anayetaka kuongeza kilo. Na yule anayekupimia poda kwenye kifuko kisicho na lebo mpe salamu zako, upite.

Sasa upande wa pili wa mzani. Kilo ya karanga ikiwa 7,000, gramu 40 za protini zinakugharimu kama 1,100. Rahisi mno! Ila zinakuja na kalori karibu 900, nusu ya siku yako nzima. Karanga ni chakula kizuri cha mkulima anayelima tangu alfajiri. Kwa anayekaa dukani akizitafuna kiganja baada ya kiganja, ni mafuta yenye protini ndani yake. Wenzetu wa Mbale hupenda kusifia malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, wakisema ni chakula chepesi. Mianzi ni myepesi kweli, lakini inapikwa kwenye rojo la karanga, na protini karibu yote unayoipata humo ni ya karanga, pamoja na mafuta yake. Tena angalia sumukuvu. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo, na jicho haliwezi kuipima, lakini karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au inayonuka uvundo usiikubali hata kwa bei ya bure. Karanga iliyokwisha kusagwa inaficha yote hayo.

Soya ndiyo inayonishangaza kwa kudharauliwa. Zaidi ya theluthi ya uzito wake ni protini, na protini yenyewe ni bora kuliko ya karanga. Chuo Kikuu cha Makerere kimetoa mbegu kadhaa za soya kwa jina la Maksoy, na wakulima wa mashariki wanazijua. Kilo ikiwa 4,000, gramu 40 za protini hazifiki 500, na kalori zake ni kama 490. Zilizokaangwa zinauzwa kwenye vifuko vidogo stendi, na meno yakiwa mazima zinatosha kutafuna njia nzima. Masharti mawili. Kwanza, isiliwe mbichi wala nusu mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuisaga protini yenyewe, na moto ndio unaoviua. Pili, "unga wa soya" wa dukani mara nyingi ni mahindi au mtama uliotiwa soya kidogo ya kubariki jina. Mimi nanunua punje, nakaanga nyumbani, napeleka mashineni.

Unga huo ndio sheki yangu. Maziwa mililita 300 na unga wa soya gramu 30 hutoa protini kama 21, kwa shilingi zisizozidi 900. Kalori zake zinafika 320, ilhali kijiko cha poda kwenye maji ni 120. Kuziepuka hizo 200 ndiko unakolipia zile 5,000 za ziada kwenye poda, na kila mtu aamue kama zinamstahili. Kalori hizo zinaweza kupunguzwa kwa ujanja wa zamani: chemsha maziwa, yaache yapoe usiku kucha, engua utando wa juu uwape watoto. Maziwa ya kupimiwa yawe ya mtu unayemjua, maana maji yanayoongezwa ndani hayana protini. Bongo, maziwa yetu ya mgando, inafaa vilevile ikiwa haijatiwa sukari. Mtindi wa chupa wenye picha ya stroberi ni habari nyingine. Sisi tunaishi jirani na Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930, na naona tumezoea kila kinywaji kipewe haki yake ya miwa. Soma mstari wa sukari kwanza, wa protini baadaye.

Mayai yapo katikati katika kila kitu. Trei ikiwa 13,000, mayai saba yanatoa gramu 40 na kidogo kwa shilingi kama 3,000 na kalori 500. Yaliyochemshwa ya barabarani, 700 kila moja, yanakaribia 5,000. Nani ale mayai saba? Hakuna, lakini matatu kwenye begi ni kitafunio kisichohitaji maelezo. Kuku wa kijiti, wale wanaosukumiwa abiria dirishani kule Namawojjolo, ni burudani, sibishi, ila paja la 6,000 lenye protini 25 linakufikisha bei ile ile ya poda ya kopo. Senene kipindi chake kikifika, na kumbikumbi baada ya mvua, kula ukipenda. Ni protini nzuri, lakini bei ya senene siku hizi ni ya harusi.

Mshindi nimemwacha nyuma kwa sababu watu hukunja pua. Ni mukene, dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao Wakenya huwaita omena. Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kilo ikiwa 12,000, gramu 40 zinakuja kwa 900 hivi, na kalori zake ni kama 250 tu. Hakuna kingine chochote nilichokipima kilichobaki rahisi kwenye mifuko yote miwili. Juu yake kuna kalisiamu, kwa kuwa unatafuna mifupa yote.

Mwalo wa Masese uko karibu, na sokoni swali ni moja.

"Mama, hawa ni wa mchanga au wa chanja?"

"Wa chanja, mwanangu. Wa mchanga tunawaacha kwa wenye kuku."

Usimwamini kwa mdomo, japo ni mama. Waliokaushwa chini huwa na mchanga unaosaga kati ya meno, na hakuna kuosha kunakoumaliza. Chukua kiganja, sugua juu ya karatasi nyeupe, tazama kinachobaki. Wa chanja watakuwa wamezidi bei kidogo, na rangi yao ni ya fedha, si kahawia. Nyumbani waondoe vichwa ukipenda, uwakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo hadi wavunjike kama biskuti, kisha ndimu na pilipili. Wale waliozamishwa kwenye mafuta sokoni ni watamu, lakini wanarudi kwenye hesabu ya karanga.

Siku hizi kwa kawaida nachukua sheki ya soya asubuhi, na dagaa kiganja kimoja saa kumi jioni. Gramu 37 hivi, shilingi zisizofika 1,300. Poda ningeinunua kama ningekuwa nafanya kazi ya usiku isiyo na jiko wala friji, au kama daktari angeniwekea kalori chache sana. Rolexi sijaiacha, nimeigeuza kuwa chakula cha usiku, mayai matatu, na chapati nusu. Kijana alinitazama kama niliyefiwa siku ya kwanza nilipomwambia aikate.

Safari za Mbale ndizo zinazonishinda. Nabeba mayai na soya. Dagaa niliwabeba mara moja tu, kwenye kopo lenye kifuniko nililodhani ni imara. Tulipopita Iganga kondakta alifungua dirisha na kuanza kutafuta chanzo. Kiti cha nyuma kulikuwa na mama mwenye jogoo wawili hai waliofungwa miguu. Kondakta aliwapita jogoo wale bila kuwatazama, akaja moja kwa moja hadi kwangu.