Nani Aliuza Mbuzi?

Ndugu wasomaji, wengi wenu sasa mnaandika hadithi, na tunafurahi kuzisoma. Lakini mara nyingi tunakwama pale watu wa hadithi wanapoanza kuzungumza. Hatujui nani anasema na nani anasemwa. Shida ni vituo.

Tazameni sentensi hii:

Baba alisema mama ameuza mbuzi

Nani aliuza mbuzi? Mtasema mama. Haya, tuweke vituo:

Baba alisema, "Mama ameuza mbuzi."

Kweli, ni mama. Sasa tuvihamishe:

"Baba," alisema mama, "ameuza mbuzi."

Lo! Maneno ni yale yale matano, na yamefuatana vile vile. Lakini sasa aliyeuza ni baba. Na kama mbuzi huyo alikuwa wa mahari ya kijana wao, je? Hapo si hadithi tena, ni ugomvi. Hata kumbukumbu za mkutano wa kijiji zinaweza kumtia mtu hatiani namna hiyo.

Alama hizi " " tunazifungua mtu anapoanza kusema, tunazifunga anaponyamaza. Ndani yake tunaweka maneno yaliyotoka kinywani mwake tu. Tukieleza wenyewe alichosema, hatuziweki:

Baba alisema kwamba ameuza mbuzi.

Wengi huchanganya hapa. Wanaandika *kwamba*, halafu wanafungua alama na kuandika *nimeuza*. Chagueni njia moja.

Kuna na kiulizo. Sisi Waswahili tukiuliza, mara nyingi hatubadili neno hata moja, tunapandisha sauti tu. Karatasi haina sauti. Basi kazi hiyo inafanywa na kiulizo, nacho hukaa kabla ya kufunga alama:

"Mbuzi ameuzwa?"

"Ameuzwa."

"Ameuzwa!"

Mmeona? Hatukuandika *alisema* hata mara moja, lakini mnasikia mmoja anauliza, mwenzake anajibu, na yule wa kwanza anashtuka. Ni kwa sababu kila anayeanza kusema amepewa mstari wake. Alama ya mshangao iwe moja tu, jamani. Wengine huziweka nne kama miti ya ua.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni sentensi hii mara mbili. Kwanza asiyejua kusoma awe Juma, kisha awe mwalimu. Msibadili neno, wekeni vituo na herufi kubwa tu:

Mwalimu alisema Juma hajui kusoma