Daftari la Deni la Mama wa Mahamri

Ukivuka Likoni alfajiri, kabla jua halijachomoza baharini, harufu ya kwanza ya kukupokea si ya maji ya chumvi wala ya moshi wa magari. Ni harufu ya iliki na tui la nazi, itokayo katika makarai ya akina mama walioamka zamani, wakakuna nazi, wakakanda, wakangoja unga uumuke, wakawasha makaa, ilhali wewe na mimi tungali tumejifunika shuka. Biashara hii ya mahamri na mbaazi ni kongwe katika miji yetu ya pwani, na aghalabu imo mikononi mwa wanawake. Sisi watunzi tumeyaimba mapenzi, tumeimba majahazi na misimu ya pepo, lakini karai la mahamri sikumbuki kulitungia hata ubeti mmoja.

Majuzi alinijia nyumbani binti wa mama mmoja wa Likoni, aliyekuwa muuzaji mahamri maarufu hapo kivukoni na aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa katika leso kuukuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuletea maandishi ya mama. Nimeambiwa wewe wajua kusoma hati za kizamani."

Nikafungua. Lilikuwa daftari la shule, la mistari, jalada lake limeingia mafuta hata likawa laangaza. Ndani yake mlikuwa na hati za Kiarabu kurasa nzima, lakini lugha ni Kiswahili, tena Kiswahili cha sokoni: unga, nazi, makaa, fulani kachukua manne, fulani kalipa.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mama wa mahamri aliandika. Mimi sikushangaa. Wanawake wengi wa rika lake hawakuiona skuli ya serikali hata kwa dirishani, lakini chuoni walipita, na aliyejifunza alifu hadi ya anaweza kuandika lugha yake kwa herufi hizo. Ndivyo zilivyohifadhiwa tenzi zetu, na ndivyo wanawake wa pwani walivyoandikiana barua na kuweka hesabu zao. Tuliwahesabu kuwa hawajui kusoma kwa sababu tulikuwa tukihesabu kwa herufi za Kizungu.

Binti naye chuoni alisoma, na msahafu ausoma vyema. Lakini msahafu una irabu zake zote, na mama alikuwa akiandika kwa haraka, mkono mmoja una unga, bila irabu hata moja. Tena hati hizo, kwa desturi ya wazee wetu, hazitofautishi p na b, wala haziishughulikii ile m inayotangulia b. Kwa hiyo mbaazi zikawa "baazi", na unga ukaandikwa kwa ghaini. Kisha kuna mkasa wa tarakimu. Tano ya Kiarabu ni kiduara, mfano wa sifuri yetu hii ya Kizungu, na sifuri yao ni nukta tu. Mwana wa binti huyu, kijana wa sekondari aliyeiacha madrasa mapema, alilitazama daftari akaona viduara vimejaa, akamwambia mamake, "Nyanya hakuwa akidai mtu. Wote ni sifuri."

Nikamwuliza binti, je, wataka kuwafuata wadeni wa miaka thelathini? Akacheka. "La, mjomba. Nataka kujua mama aliwezaje. Mimi nauza kuliko alivyouza yeye, na kila Ijumaa nikihesabu sina kitu. Nikishindwa mwezi huu, nafunga."

Basi tukakaa barazani tukafanya hesabu, yake kwanza. Pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili, alisema, humtolea mahamri 64. Unga shilingi 170, nazi mbili shilingi 100, mafuta ya siku 120, makaa 60, sukari 40, hamira na iliki 30. Jumla 520. Akiuza yote kwa shilingi kumi kumi hupata 640. Faida 120. Nami sikutia humo ujira wa mtu aliyeamka saa tisa za usiku, kwa sababu yeye mwenyewe hakuutia.

Tazama sasa jinsi uzi wenyewe ulivyo mwembamba. Mahamri kumi na mawili yakichukuliwa kwa deni lisilolipwa, faida yote ya pakiti imekwenda. La kumi na tatu laanza kuula mtaji. Na asubuhi moja pale kivukoni, wateja watatu wenye haraka watosha kuyachukua kumi na mawili. Binti alikuwa akikopesha kwa kichwa, bila kuandika, kwa kuwa aliona haya kumwandika jirani mbele ya macho yake.

Mama yake hakuona haya. Ndiyo maana nasema alisoma chuoni kweli. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haizungumzii pepo wala moto. Yazungumzia deni: kwamba deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na watu wasichoke kuliandika. Sisi wanaume tumeisoma aya hiyo miaka na miaka kwa sauti nzuri. Bibi huyu aliitumia kwa mahamri manne.

Katika kurasa zile nikaona mambo mengine. Kila siku alianza kwa kuandika fungu la kesho, yaani bei ya unga, nazi, mafuta na makaa ya siku ifuatayo, na hapo ndipo alipoandika kilichobaki kwa nyumba. Hakuandika nyumba kwanza. Nilipoyasoma hayo binti akapiga paja. "Ndizo pindo mbili!" Akanieleza kwamba mamake alifunga pesa katika pindo za leso, kama wafanyavyo wanawake wote, lakini yeye alifunga mbili: la kulia la unga, la kushoto la nyumba. Mtoto akiumwa, mgeni akija, hata Idi ikiingia, la kulia halikufunguliwa. Walipokuwa wadogo waliona ni ubahili. Siku nyingine walilala kwa chai kavu na pesa zimo kiunoni mwa mama yao.

Kadhalika hakupunguza hamri. Hili halimo daftarini, binti ndiye aliyelikumbuka. Wazee wetu walijua kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, yaani kilichojazwa hata kikapanda kilima na kilichosawazishwa kwa ubao, na mama akisema kwamba mteja hahesabu shilingi bali huhesabu kilima. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza mwezi wa Februari, ngano ilipanda dunia nzima, na sisi Kenya sehemu kubwa ya ngano yetu hutoka nje. Pakiti ya kilo mbili ikapita shilingi 200. Binti akafanya kama wengi walivyofanya: bei akaiacha, donge akalipunguza. Wateja hawakusema neno, walihamia karai la pili. Na wakati huo alikuwa tayari amepungukiwa na wapita njia, maana daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2021 baadhi ya waendao kwa miguu hawakupita tena mbele yake.

Na mtaji wa kwanza ulitoka wapi? Bangili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa bangili moja ya dhahabu na bei iliyouzwa. Dhahabu ya mwanamke wa pwani si pambo tu, ni benki yake avaliayo mkononi. Baada ya hapo ni mchezo: wanawake kumi, kila mmoja shilingi 50 kwa Ijumaa, na kwa zamu mmoja huondoka na 500 kamili bila riba na bila karatasi. Kwa zamu yake alinunua karai kubwa, zamu nyingine gunia la makaa, na ninaona mara moja "leso, Idi", jambo lililonifurahisha.

Sisemi kwamba mikopo ya siku hizi haina maana. Kenya Women Finance Trust ilianzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya wanawake waliofungiwa milango ya benki, na serikali ikaanzisha hazina ya biashara za wanawake mwaka 2007. Hustler Fund ilipokuja Novemba 2022, mtu aliweza kukopa kwa simu kuanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe katika siku 14. Kwa mwenye kununua tanuri au friji, mkopo ni ngazi. Lakini kwa mwenye pindo moja tu, linalochanganya unga na ada ya skuli, mkopo ni maji katika kifumbu. Nilimwambia binti hivyo, naye alinyamaza. Nadhani alikuwa na mkopo wa simu tayari.

Nafika sasa kwenye kurasa zilizotunyamazisha sote wawili.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa watu waendao kazini mjini. Walikufa watu 272. Ukurasa wa wiki ile katika daftari hauna fungu la unga. Kuna majina matatu, kila moja na deni lake, na kando ya kila jina neno marehemu. Chini yake ameandika, safari hii kwa irabu zote, kama kwamba hakutaka mtu akosee kusoma: nimesamehe. Aya mbili tu kabla ya ile ya kuandika deni, Kurani yasema mwenye dhiki apewe muda, na kusamehe ni bora. Binti alikumbuka kwamba mama hakukaanga siku saba, alikuwa akizunguka matangani. Wiki ya pili yake imeandikwa bangili, ya pili na ya mwisho.

Kisha Agosti 1997. Vurugu zilipozuka Likoni, watu wa bara wakakimbia wakiacha nyumba na vyombo. Wateja wake wengi walikuwa hao, vibarua wa bandarini. Mbele ya majina kumi na moja ameandika "bara", si zaidi. Hakusamehe, hakufuta. Deni liliachwa wazi, kama mlango. Na moja katika hayo limepigwa mstari kwa wino mwingine, wa kijani, na tarehe ya 1999. Alirudi mtu, akalipa mahamri sita. Binti akaniomba nimsomee jina lake mara mbili.

Hapo ningekunja daftari nikamwambia tumemaliza. Lakini jicho langu lilikwisha kuangukia mstari mmoja wa mwaka 1996: "kijana wa magazeti, 45", na kando yake maneno mawili, "kazi bado".

Mtu huyo ni mimi. Mwaka huo nilikuwa nikivuka kila siku, nikilipwa kwa makala, na makala zenyewe zikichapishwa pale mhariri alipopenda. Nilikula mahamri yake asubuhi nyingi. Kisha nikapata kazi Nairobi nikaondoka, na miaka yote hii, kama mtu angeniapisha, ningeapa kwamba sikubakisha kitu. Daftari lote lilionyesha kwamba kwa mteja yeyote deni likifika shilingi 20 alifunga. Mimi aliniachia hadi 45.

Nikamwambia binti. Nikamwambia pia kwamba hamri lilikuwa shilingi moja na nusu wakati ule, kwa hiyo nilikula mahamri 30, na leo mahamri 30 ni shilingi 300. Nikatoa noti tatu za mia.

Akazitazama asizishike.

"Mama aliandika arubaini na tano, mjomba. Ukinipa mia tatu, hizo mia mbili na hamsini na tano nitaziandika wapi?"

"Ziandike zawadi."

"Zawadi ni ya nyumba. Hili ni deni la unga."

Nikatafuta mfukoni nikapata sarafu, nikamhesabia arubaini na tano. Akanipa kalamu, nikapiga mstari juu ya kijana wa magazeti, nikaandika tarehe kwa Kiarabu ili ifanane na nyenzake. Kisha binti akainua leso yake. Nilitazama kwa makini. Pindo za kufungia zilikuwa mbili, na la kulia fundo lake lilikuwa bichi, limefungwa pale pale barazani wakati nikisoma. Akalifungua, akazitia sarafu zangu, akalikaza kwa meno.

Asubuhi ya pili nilivuka. Alikuwa na daftari jipya kando ya karai, na kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaagiza mahamri manne na mbaazi. Akaniuliza, mbele za watu, kama ni taslimu.