Je, Wajua? Transijenda Si Ugonjwa wa Akili
Je, wajua kwamba tangu Januari 2022, toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, inayotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, haliihesabu tena kuwa ugonjwa wa akili hali ya transijenda, yaani hali ya mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na ile iliyoandikwa alipozaliwa? Hali hiyo imehamishiwa katika sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana, na ni jambo jema kwamba haikufutwa, kwa kuwa bila jina katika orodha mhitaji angekosa msingi wa kuomba huduma. Huduma hiyo si upasuaji pekee, kama wengi wanavyodhani; hujumuisha ushauri nasaha na, kwa baadhi ya watu wazima, homoni kama estrojeni au testosteroni, ambazo ni lazima daktari azisimamie kwa vipimo vya damu.

Nchini Kenya, mnamo Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliliamuru Baraza la Mitihani kumpa Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti cha mtihani wa kidato cha nne (KCSE) chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Uamuzi huo una uzito hata kwa mkazi transijenda wa Nyanchwa, mjini Kisii, anayetegemea hospitali ya rufaa ya Kisii, kwani mtu ambaye stakabadhi zake hazilingani na sura yake huweza kutiliwa shaka kwenye dirisha la usajili, kabla hata hajamwona daktari.