Homa, Degedege na Tone la Damu

Katika vijiji vya Bagamoyo, kama katika sehemu nyingi za mwambao wetu, homa ya mtoto na degedege zimehesabiwa tangu kale kuwa maradhi mawili yasiyo na nasaba moja: homa, iliyo jambo la kila msimu wa mvua, hununuliwa vidonge dukani, ilhali degedege, imkamatapo mtoto ghafla akageuza macho na kukakamaa viungo, hunasibishwa na pepo, naye hukimbizwa kwa mganga, tena kwa hofu kubwa ya sindano, ambayo yasadikiwa kumuua mtoto aliye katika hali hiyo. Siwezi kuwaita wazazi hao wajinga. Mtoto afikishwaye hospitali siku ya tatu, akiwa taabani, hudungwa sindano na pengine akafariki saa ile ile, na bibi aliyeyashuhudia mambo hayo mawili yakifuatana ana udhuru wa kuyafunga pamoja, hata ikiwa kilichomuua mjukuu ni zile siku zilizopotea.

Degedege huweza kuletwa na joto la homa yoyote, lakini katika nchi ya mbu haifai kudhaniwa ila malaria kali mpaka kipimo kikanushe, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na kimelea cha Plasmodium falciparum hunata katika mishipa midogo ya ubongo. Na dawa yake ni hiyo hiyo sindano iogopwayo, ya artesunate. Palipo mbali na hospitali, mtoto wa chini ya miaka 6 hupewa dawa hiyo kwa njia ya haja kubwa, kisha safari ianze bila ajizi.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila ashukiwaye kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka hakihitaji umeme wala hadubini: tone la damu ya kidole, na baada ya dakika 15 hivi jawabu hudhihiri. (Kina aibu yake: protini kinayoitafuta hubaki damuni kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona.) Aliyekutwa na vimelea, na hali yake si mbaya, hupewa dawa mseto, mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta.

Ugumu, kwa rai yangu, u katika jawabu la hapana. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akaambiwa tu kwamba hakuna malaria, hujiona amenyimwa, akapitia dukani na kuinunua dawa mseto vivyo hivyo. Na kwa mganga, tukiri, hakuna aondokaye bila jawabu. Basi tabibu wa zahanati asiinuke kitini kabla ya kuhesabu pumzi za mtoto: aliyetimiza mwaka, akiwa anakohoa na kuvuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika, hushukiwa nimonia, na mama huyo atarejea kwake na jina la maradhi pamoja na dawa yake.